Usanifu Bila Usanifishaji: Matoleo ya Kujifunza na Matoleo ya Wajuzi katika Bao na Dungeons & Dragons

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mabadiliko ya usanifu baina ya matoleo ya mchezo wa mezani yanavyoelezwa na watafiti. Michezo miwili imeteuliwa: bao, ambalo halina mchapishaji, na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza uhusika ambao matoleo yake yana tarehe na wachapishaji wanaojulikana. Hoja kuu ni kwamba maelezo yaliyopo huchanganya mambo mawili: usanifu, yaani namna kanuni zinavyogawa uamuzi kwa wachezaji, na usanifishaji, yaani kulipa toleo moja hadhi ya kipimo cha mengine. Kwa kuchambua ufunguzi wa mchezo, makala yanaonesha kuwa toleo linaloitwa la kujifunza si toleo pungufu, bali ni mchezo kamili wenye mgawanyo tofauti wa uamuzi. Mwisho, makala yanapendekeza utaratibu wa kukusanya data katika maeneo ya bara kama Bungu, milimani Usambara, ambako mtafiti mwenye kanuni zilizochapishwa anaweza kuyaandika maarifa ya wachezaji kuwa makosa.

1.0 Utangulizi

Mchezo unaodumu huwa na sura zaidi ya moja. Ukichapishwa, sura hizo huonekana wazi: toleo jipya hutoka, lina mwaka wake, lina wahariri wake, na wachezaji hubishana kama limeboresha au limeharibu. Usipochapishwa, mabadiliko yake hayana tangazo. Kizazi kimoja hucheza hivi, kingine vile. Kijiji hiki huanza na kete zote ubaoni, kile huanza na kete nyingi mkononi. Mtafiti anapofika hukuta sura hizo zikiishi pamoja, na kishawishi cha kwanza ni kuuliza ipi ndiyo yenyewe.

Swali hilo lina gharama. Mara sura moja inapoandikwa kuwa ndiyo yenyewe, nyingine huwa ama hatua ya kuifikia ama upotofu wake. Katika fasihi simulizi jambo hili limekwisha kujadiliwa vya kutosha. Hakuna mtahini leo atakayekubali tasnifu inayodai kuwa fanani mmoja alisimulia ngano sahihi na wengine wakaikosea. Katika uchunguzi wa michezo ya jadi, hata hivyo, tahadhari hiyo bado haijazoeleka. Kanuni huonekana kama hesabu: ama ni sahihi ama si sahihi. Uhakiki huu unapinga mtazamo huo kwa kurejea kanuni zenyewe.

2.0 Usanifu na Usanifishaji

Kiswahili kinayaweka maneno haya mawili katika mzizi mmoja. Kusanifu ni kutunga au kubuni kwa ustadi. Kusanifisha ni kukifanya kitu kiwe kipimo cha wote. Ujirani huo wa maneno una historia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kilikuwa kimeteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo lahaja nyingine zilianza kupimwa kwa umbali wake kutoka Kiunguja, ingawa muundo wa Kimvita au wa Kimtang'ata haukupungukiwa na chochote. Kilichobadilika kilikuwa hadhi ya lahaja hizo, wala si sarufi yake.

Katika makala haya, toleo ni mkusanyiko wa kanuni unaotosha kuanza na kumaliza mchezo. Fasili hii haidai kitabu. Inadai ukamilifu tu. Badiliko la usanifu ni lile linalohamisha uamuzi: linampa mchezaji chaguo ambalo hakuwa nalo, linamnyang'anya alilokuwa nalo, au linalipeleka kwa mwingine. Badiliko lisilohamisha uamuzi wowote ni la umbo tu, hata kama linaonekana kubwa. Ukubwa wa badiliko, kwa hiyo, haupimwi kwa wingi wa kanuni zilizoandikwa upya, bali kwa uamuzi uliohama.

3.0 Ufunguzi wa Bao

3.1 Bao la kujifunza

Matoleo mawili ya bao yanayotajwa sana ni bao la kujifunza na bao la Kiswahili. Yote hutumia mashimo 32 katika safu nne za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Hushinda anayeimaliza safu ya mbele ya mwenzake au anayemwacha bila njia ya kucheza. Kwa vifaa na kwa lengo, basi, hakuna tofauti. Tofauti ipo katika namna mchezo unavyofunguliwa.

Katika bao la kujifunza kila shimo huwekwa kete mbili. Kete zote 64 ziko ubaoni kabla ya zamu ya kwanza, na kila shimo la mbele linatazamana na shimo lenye kete. Matokeo yake ni kwamba anayeanza ana njia ya kula tangu zamu yake ya kwanza. Akichukua kete mbili katika shimo la tatu la safu ya mbele na kuelekea kulia, kete ya mwisho huangukia shimo la tano. Shimo hilo lina kete, na la mwenzake linalolikabili lina kete. Tayari amekula, na kete alizokula zinaanza kusambazwa upya kutoka kichwani. Uwanja umekwisha kupangwa, tena kwa usawa kamili. Mchezaji hakuchagua awe wapi. Anachagua tu apige wapi.

3.2 Bao la Kiswahili

Bao la Kiswahili huanza kwa uchache. Kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba, ambayo ni shimo la tano la safu yake ya mbele akihesabu kutoka kushoto kwake, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 10 ziko ubaoni. 22 zimebaki mkononi. Katika awamu ya kunamua, mchezaji hutia kete moja ya mkononi katika kila zamu. Kete za mkononi zikiisha ndipo awamu ya mtaji huanza, na kuanzia hapo hucheza kwa kete zilizo ubaoni pekee.

Mpangilio huu una jambo ambalo maelezo mengi hulipita bila kulitazama. Kwa kuwa wachezaji wanakaa wakikabiliana, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine. Mashimo yenye kete ya mchezaji wa kwanza ni la tano, la sita na la saba kwa hesabu yake. Ya mwenzake, yakihesabiwa kutoka upande huohuo, ni la nne, la tatu na la pili. Hakuna shimo hata moja lenye kete linalotazamana na lenye kete. Nyumba mbili zimejengwa jirani, lakini mlango wa moja haukabili mlango wa nyingine. Anayeanza hawezi kula. Hana budi kutakata, yaani kusambaza bila kula.

Ndani ya ulazima huo upo uamuzi. Akitia kete katika shimo la sita na kusambaza kuelekea kushoto, kete zake tatu huangukia la tano, la nne na la tatu. Sasa la nne na la tatu yanatazamana na mashimo ya mwenzake yenye kete, na mwenzake anaweza kula mara moja. Akisambaza kuelekea kulia, kete huangukia la saba, la nane, kisha safu ya nyuma. Hakuna mkabala wowote unaozaliwa, na mzigo wa kutakata unamwendea mwenzake. Hali ni hiyohiyo akianzia shimo la saba: kushoto hufungua vita, kulia huiahirisha. Hivyo zamu ya kwanza ya bao la Kiswahili inauliza swali ambalo bao la kujifunza halina nafasi ya kuliuliza: je, mapambano yaanze sasa au yasubiri, na nani ayaanze?

3.3 Matoleo mawili kamili

Kwa kigezo kilichowekwa katika sehemu ya 2.0, tofauti ya matoleo haya ni kubwa. Katika bao la Kiswahili hali ya ubao wakati mtaji unapoanza ni kazi ya wachezaji wenyewe, waliyoijenga kete kwa kete. Nyumba inaweza kuwa bado hai, imesheheni, na mwenye nyumba anaamua kama kete yake ya mwisho ikiishia humo alale au aende safari. Katika bao la kujifunza hali ya mwanzo imetolewa na kanuni, na nyumba haina haki yoyote ya pekee. Toleo moja limewapa wachezaji uandishi wa mwanzo; jingine limeuchukua na kuwaachia mwendelezo.

Hapa pana pingamizi ambalo lazima lijibiwe. Inaweza kudaiwa kwamba jina la kujifunza limetolewa na wachezaji wenyewe, na kwamba mtafiti hana mamlaka ya kulipinga. Ni kweli jina ni lao, lakini linaeleza matumizi, halielezi muundo. Aidha, kama toleo hili lingekuwa mazoezi tu ya lile jingine, lingepaswa kumzoeza mwanafunzi hali atakazozikuta mbele. Halifanyi hivyo. Mtaji wa bao la Kiswahili huanza na ubao usio sawa, wenye mashimo matupu na mashimo yaliyojaa. Bao la kujifunza huanza na usawa ambao mcheza bao la Kiswahili hatakutana nao kamwe mwanzoni mwa mtaji. Mwanafunzi hujifunza kusambaza, kula na kuhesabu mizunguko. Hajifunzi kunamua, kwa sababu toleo lake halina kunamua. Anachokijua kinatosha kuwa mchezo.

Mfano wa tatu unaimarisha hoja hii. Omweso wa Uganda hutumia pia mashimo 32 na kete 64, ingawa kanuni yake ya kula ni tofauti. Humo kila mchezaji huzipanga kete zake 32 apendavyo katika mashimo yake 16 kabla ya kucheza. Ubao uleule, kete zilezile, na majibu matatu kwa swali moja: mwanzo umepewa, mwanzo unajengwa, mwanzo unapangwa. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo lililo ngazi ya kufikia jingine.

4.0 Dungeons & Dragons: Hadhi Inapochapishwa

4.1 Jina na mali

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974 na kampuni ya TSR, ukiwa vijitabu vitatu. Mchezaji huigiza mhusika mmoja. Mwamuzi husimulia ulimwengu na kutoa hukumu. Dadu huamua yasiyo na hakika. Kwa msomaji wa fasihi simulizi, mwamuzi huyu anafanana na fanani ambaye hadhira yake imepewa haki ya kuubadili mwendo wa kisa.

Mwaka 1977 mchezo huu uligawanyika. Upande mmoja lilitoka toleo lililoitwa Basic, yaani la msingi, likihaririwa na J. Eric Holmes na kuishia ngazi ya tatu ya mhusika. Upande mwingine ulianza mfululizo wa Advanced, yaani wa waliobobea, ambao vitabu vyake vitatu vya kwanza vilitoka kati ya 1977 na 1979. Majina yalipanga daraja: wa msingi angekua, kisha angehamia kwa waliobobea.

Kilichofuata hakikutii majina. Toleo la msingi lilihaririwa upya na Tom Moldvay mwaka 1981 na kuongezewa toleo la pili la kuendeleza; Frank Mentzer akaliandika tena kuanzia 1983, sanduku baada ya sanduku, hadi wahusika wakafikia hadhi ya wasiokufa; mwaka 1991 kanuni hizo zikakusanywa katika kitabu kimoja. Huu ulikuwa mfululizo kamili, wenye usanifu wake. Katika toleo la 1981, kwa mfano, kuwa mbilikimo au elfi ni aina ya mhusika yenyewe, ilhali katika Advanced asili na kazi ya mhusika huchaguliwa kila moja peke yake. Toleo moja linafanya chaguo moja. Jingine linafanya mawili. Mchezaji wa kwanza huingia mchezoni mapema. Wa pili hupata nafasi pana ya kumtunga mhusika wake. Kusema kwamba wa kwanza ni mwanafunzi wa wa pili ni kusoma jalada na kuacha kitabu.

Kwa nini basi majina yalidumu? Sehemu ya jibu inahusu mali. Mwaka 1979 Arneson aliishtaki TSR akidai mrabaha wa vitabu vya Advanced. Shauri lilimalizwa kwa maafikiano mwaka 1981. Swali lililokuwa mezani ni kama Advanced ulikuwa mchezo uleule au mchezo mwingine, na jibu lake lilikuwa na thamani ya fedha. Jina la toleo, kumbe, linaweza kubeba maslahi yasiyohusiana na namna mchezo unavyochezwa. Mwaka 2000 toleo la tatu lilipochapishwa na Wizards of the Coast, kampuni iliyoinunua TSR mwaka 1997, neno Advanced liliondolewa jaladani. Daraja lililodumu zaidi ya miaka 20 likafutwa kwa kufuta neno.

4.2 Badiliko la umbo na badiliko la uamuzi

Mchezo huu unatoa pia mfano mzuri wa mabadiliko yanayoonekana makubwa huku yakihamisha machache. Katika matoleo ya awali, kadiri namba ya kinga ya mhusika ilivyokuwa ndogo ndivyo alivyokuwa vigumu kupigwa. Toleo la 2000 liligeuza hesabu: namba kubwa ndiyo bora, na mchezaji hurusha dadu ya pande 20, hujumlisha, kisha hulinganisha. Hesabu ikawa nyepesi, kurasa nyingi zikaandikwa upya, lakini uamuzi wa mchezaji wa kushambulia au kutoshambulia haukuhama.

Ufunguzi ulihama zaidi. Katika vijitabu vya 1974 mwamuzi ndiye aliyeelekezwa kurusha dadu tatu kwa kila sifa ya mhusika, na sifa zilifuata mpangilio uliowekwa. Mchezaji alipokea mtu aliyekwisha kuumbwa, kisha akatafuta namna ya kuishi naye. Kufikia toleo la 2000, mchezaji alirusha dadu nne, akaiacha ndogo kuliko zote, kisha akazipanga namba zake katika sifa apendazo. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilimruhusu pia kupokea orodha ya namba zilizowekwa tayari, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, akazigawa mwenyewe. Hatua kwa hatua, mwanzo uliotolewa na bahati ukawa mwanzo unaopangwa na mchezaji.

Ulinganisho na bao unajitokeza hapa. Majibu yaleyale ya swali la ufunguzi yaliyokutwa yakiishi pamoja kando ya ziwa Viktoria na pwani ya Bahari ya Hindi, yamepangwa na mchapishaji mmoja katika mstari wa wakati. Kwa kuwa mstari una mbele na nyuma, msomaji huona maendeleo. Bao na omweso vinaonesha kuwa maendeleo hayo si ya lazima: mwanzo uliopewa na mwanzo unaopangwa vinaweza kuwa majirani wa umri mmoja, kila kimoja kikiwa na wajuzi wake.

5.0 Tathmini ya Maandishi Yaliyotangulia

Uainishaji uliopata nguvu katika taaluma hii ni wa H. J. R. Murray (1952), aliyeyagawa mabao ya aina hii kwa idadi ya safu: mbili, tatu au nne. Kigezo hicho kina faida, kwani safu zinahesabika hata katika ubao uliokutwa makumbusho bila mchezaji. Udhaifu wake ni huohuo: kinaainisha kifaa. Kwa kigezo hicho bao la kujifunza, bao la Kiswahili na omweso huingia kapu moja la safu nne, na tofauti iliyoelezwa katika sehemu ya 3.0 haionekani kabisa.

Philip Townshend (1979) aliisogeza mbele kazi hiyo kwa kufuatilia mtawanyiko wa michezo hii Afrika Mashariki na Kusini. Mtawanyiko huonesha wapi sura fulani inachezwa; haulazimiki kuonesha sura hiyo inamwachia mchezaji nini. Alexander de Voogt (1995) alichagua njia nyingine: aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuuliza akili ya binadamu inaweza kuona zamu ngapi mbele. Kwa swali hilo, bao la Kiswahili ndilo lililostahili kuchaguliwa, na kazi yake imekuwa msingi usioepukika. Tatizo huanza kwa watumiaji wa kazi hiyo. Maelezo ya umahiri wa kundi moja yakisomwa kama maelezo ya bao kwa jumla, Zanzibar inakuwa kwa bao kile Kiunguja kilichokuwa kwa lugha.

Hata ubao wenyewe unashiriki katika usanifishaji huu. Ubao wa mbao uliochongwa kwa ajili ya bao la Kiswahili huwa na nyumba ya umbo la mraba katikati ya mashimo ya duara. Mchongaji ameandika kanuni ndani ya mbao: hapa pana shimo lenye haki ya pekee. Mashimo yaliyochimbwa ardhini hayasemi hivyo. Anayecheza ardhini anabeba kanuni kichwani na anaweza kubadili toleo kati ya mchezo mmoja na mwingine bila kugusa kifaa. Makumbusho huhifadhi ubao wa mbao. Mvua hufuta mashimo ya ardhini. Kumbukumbu inayotegemea vifaa, basi, tangu awali inaliegemea toleo moja.

6.0 Athari kwa Utafiti: Mfano wa Bungu

Umuhimu wa hoja hii unaonekana zaidi nje ya pwani. Bungu iko katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, mahali ambapo Kishambaa ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi. Mchezo unaoitwa bao la Kiswahili, ukitajwa huko, unabeba katika jina lake lugha ya pili ya wachezaji. Ule unaoitwa wa kujifunza unabeba hadhi ya mwanafunzi. Mtafiti anayeanza kwa kuuliza mzee anacheza lipi kati ya hayo mawili amekwisha kumweka mzee huyo katika ngazi kabla kete haijaguswa. Mzee akifungua ubao kwa namna isiyolingana na maelezo yaliyochapishwa, daftari litaandika kwamba amesahau kanuni. Huenda kilichoandikwa kuwa usahaulifu ndicho toleo lenyewe, na daftari hilo likawa kumbukumbu pekee iliyobaki.

Usambara ina funzo lake kuhusu jambo hili. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi na baadaye kuhaririwa na J. W. T. Allen katika toleo la 1962, iliipa historia ya ufalme wa Washambaa sura ya kitabu. Kitabu hicho ni hazina, na kama kila kitabu, kinamvuta msomaji akione kuwa kipimo cha masimulizi mengine. Steven Feierman (1974), alipoandika historia ya ufalme huo, hakulitegemea andiko hilo peke yake; alikusanya pia masimulizi ya mdomo milimani humo na kuyapa uzito. Uadilifu uleule unadaiwa na mchezo.

Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba ukusanyaji wa data za michezo ya ubao ufuate maswali matatu, kwa mpangilio huu. Kwanza, kete huanzia wapi, na nani anayeziweka? Pili, uamuzi wa kwanza ambao mchezaji anaweza kuujutia ni upi? Tatu, ni jambo gani ambalo kanuni humwamulia mchezaji, na lipi humwachia? Jina la mchezo liulizwe mwisho, kwanza kwa Kishambaa na baadaye kwa Kiswahili, ili jina lisitangulie kanuni. Mchezo mzima uandikwe zamu kwa zamu kabla ya kulinganishwa na maelezo yoyote yaliyochapishwa. Ulinganisho ukifanywa, tofauti iandikwe kuwa tofauti. Neno kosa litumike pale tu wachezaji wa hapohapo wanapomkosoa mwenzao.

Utaratibu huu una mipaka yake. Mchezaji huweza kweli kukosea, na mtafiti asiyejua kucheza hawezi kutofautisha kosa na toleo. Mipaka hiyo haiondolewi kwa kurudi kwenye kanuni zilizochapishwa. Huondolewa kwa kukaa ubaoni muda mrefu zaidi, na kushindwa mara kadhaa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa mabadiliko ya usanifu baina ya matoleo ya mchezo hueleweka kwa kufuatilia uamuzi unapohamia, na kwamba ufunguzi ndiyo mahali pa kwanza pa kuutafuta. Bao la kujifunza huwapa wachezaji ubao uliosawazishwa na kuwataka wapigane; bao la Kiswahili huwapa nyumba mbili zisizotazamana na kuwataka waamue kama wapigane. Dungeons & Dragons, iliyochapishwa toleo baada ya toleo, imeonesha kuwa jina linalolishusha toleo moja chini ya jingine linaweza kubeba maslahi ya mrabaha na kufa kwa badiliko la jalada, huku wachezaji wa toleo lililoshushwa wakiwa wameucheza mchezo kamili muda wote.

Kwa watafiti wa Kiswahili jukumu ni la karibu zaidi. Bao halina mchapishaji atakayetoa toleo jipya na kulirekebisha jina. Litakaloandikwa katika tasnifu ndilo litakalosomwa na watengenezaji wa programu za simu, waandaaji wa mashindano na watunzi wa vitabu vya shule. Tasnifu ikiandika toleo moja kuwa ndilo bao, itakuwa imesanifisha bila kukusudia, na mchezaji wa Bungu atakuja kufundishwa mchezo wake upya, akianzia darasa la kwanza.